Chuma Kikinyamaza

Siku ya kwanza Kalunde aliposikia chuma bila kushtuka, Musembi mumewe alifurahi mno hata akasahau kuogopa.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tisa, mwaka wa themanini na tano. Sufuria ilimponyoka Musembi mkononi, ikagonga jiwe la meko, ikazunguka sakafuni ikilia. Alijitupa mlangoni na mguu wake mbovu, kama alivyozoea kwa muda wa mwaka mzima, ili amshike mkewe kabla hajatoka mbio. Hakukuwa na wa kumshika. Kalunde alikuwa ameketi pale pale, uteo wa ndengu mapajani. Alifumba macho kidogo, akavuta pumzi ndefu, akaiachilia. Kisha akaendelea kuchambua.

"Umepona," Musembi alisema.

"Sijui kama nimepona," alijibu. "Najua siku nne hizi nimepata usingizi."

Musembi alikuwa mpiga ringi wa kijiji cha Kwa Ndululu. Kilima cha Kavumbu, alikojenga, kinatazama mto Nzeeu, na mto huo karibu mwaka mzima si mto bali ni barabara pana ya mchanga. Wanawake huchimba visima mle mchangani, vingine virefu hata mtu akiingia haonekani kichwa, wakateka maji kwa kata. Hatari yake ni kwamba mvua hunyesha kwenye kilima cha Museve, mbali kule juu, na huku chini jua linawaka. Mtu yuko kisimani anajaza mtungi, maji yanamtokea nyuma yamebeba magogo. Watu wa hapo hawasemi mto umefurika. Husema mto unakuja, kama wanavyosema juu ya mgeni.

Kwa hiyo juu ya Kavumbu, kwenye tawi la mgunga, ilining'inia ringi ya lori, ule mduara wa chuma wa gurudumu. Musembi alipovunjika mguu machimboni akawa hawezi tena kazi ya mawe, naibu wa chifu alimpa nondo na maneno machache: ukiona mto unakuja kule kwenye kona ya juu, piga. Kutoka kwenye kona ile mpaka visimani, maji huchukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai ya moto. Mtoto wa Kwa Ndululu, kabla hajajua kuhesabu, hujua kwamba ringi ya Kavumbu ikilia humuulizi mtu kitu. Unakimbia.

Mwaka uliotangulia, mvua ya kwanza baada ya ile njaa kubwa, Musembi aliona mto unakuja, akapiga. Kalunde alikuwa kisimani pamoja na mdogo wake, Mwikali. Mwikali alikuwa ndani ya shimo, Kalunde yuko juu anapokea kata. Chuma kilipolia Kalunde alikimbia kama alivyofundishwa, akidhani mdogo wake yuko nyuma yake. Alipofika ukingoni akageuka, hapakuwa na shimo tena.

Tangu siku hiyo hakulala. Alijilaza, ndiyo, lakini kijiko kikigonga bakuli, kengele ya shule ikilia ng'ambo, mtu akinoa jembe, Kalunde alikuwa ameshatoka mlangoni, macho makavu, miguu ikimpeleka mlimani. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Musembi alimtazama mwaka mzima akijua kwamba kilichoua usingizi wa mkewe kilitoka katika mkono wake mwenyewe, na kwamba mvua zikirudi atalazimika kukipiga tena.

Ndipo akaja Wariara.

Alikuwa binti wa Kinuthia, Mgikuyu mwenye duka pale Salama, kwenye barabara ya Mombasa. Alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka ule ule, akaletwa zahanati ya Kwa Ndululu kufundisha akina mama mambo ya afya. Alikuwa na sauti ndogo na moyo mkubwa, na hakujua kumwona mtu akiteseka akapita. Kule Kitui mjini alikuwa amejifunza kutuliza watu kwa sauti, kwa sista mmoja wa kizungu aliyekaa miaka mingi Asia na kurudi na sahani ya shaba, pana kama ungo. Sista huyo alimwazima. Mara mbili kwa juma, saa kumi jioni, Wariara alitandika mikeka kanisani, akawalaza akina mama chali, akaipiga ile sahani kwa kirungu cha kitambaa, polepole, mpaka sauti ikajaa ukutani na kwenye mabati na kwenye mbavu za watu. Aliita kuoga sauti.

Nthenya, mke wa mdogo wake Musembi, ambaye hakuwahi kuliona jambo akaliacha bila kulitania, alisema serikali imetukomesha sasa: maji ya kuoga hatuna, tumeambiwa tuoge kelele. Lakini alienda, na akarudi. Wazee wawili wa kanisa walinung'unika kwamba hii ni kilumi, ile ngoma ya pepo ya bibi zetu, imeingizwa kanisani kwa mlango wa nyuma. Mchungaji akasema atakuja kujionea mwenyewe. Alikuja, akalala kwenye mkeka pamoja na Biblia yake, na alivyokoroma maneno ya wazee yakaishia hapo.

Kalunde naye alienda. Shaba ilimtuliza kidogo, lakini akitoka nje, kijiko ni kile kile. Halafu mwezi wa nane sista akahamishwa, sahani ikaenda naye. Wariara hakukata tamaa. Alishuka mpaka Salama, ambako malori mengi hufia, akarudi kwa basi na ringi kuukuu imefungwa juu ya paa. Ilipotundikwa kanisani ilipiga kelele mbaya, mfano wa fisi aliyebanwa na mlango. Akapanda Kavumbu, akihema, kumtafuta Musembi.

"Mzee, wewe ndiwe unayekijua chuma," alimwambia. "Njoo unisaidie. Ni kwa ajili ya mama wa kwako pia."

Musembi alishuka. Alimwonyesha Wariara kwamba ringi haifungwi kwa waya, waya huinyonga. Akaifunga kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Akamwambia asiipige katikati, aipige ukingoni. Akaviringisha gunia kwenye mpini, akapiga mara moja, na ile ringi ya Salama ikavuma sauti nene, tamu, ambayo Musembi aliijua kama anavyojua kikohozi chake. Ilikuwa sauti ya ringi ya Kavumbu, kama ndugu wa tumbo moja.

Akatazama mbele, kwenye mkeka wa kwanza. Kalunde alikuwa amelala chali, vidole vikitetemeka. Hakuinuka. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, lakini hakuinuka. Na Wariara alikuwa akiwaambia wote, kwa ile sauti yake ndogo, "Chuma kinapolia, usikimbie. Kaa pale ulipo. Legeza mabega. Kiache kikupite kama maji. Kikinyamaza kabisa, hapo ndipo utafumbua macho na kuamka."

Kiache kikupite kama maji. Neno hilo lilimkumbusha Musembi mto. Alifungua kinywa. Kisha akaona vidole vya mkewe vimeacha kutetemeka, na akakifunga.

*

Kila mwaka, mwezi wa kumi unapoanza, Musembi hupiga ringi ya kujaribu, ili kuwakumbusha watu kwamba mvua ziko njiani. Wanawake hutoka mchangani mbio huku wakicheka, wanamtukana kidogo kutoka ukingoni, wanarudi kazini. Mwaka huo alipiga, akakinga macho kwa kiganja, akatazama chini.

Walitoka, lakini walitoka kama watu wanaotoka ibadani. Mmoja alisimama katikati ya mchanga, akageuza uso juani. Mwingine aliketi kwanza kwenye mdomo wa kisima, halafu akakumbuka, akainuka. Jioni Nthenya alipita na punda wake akamwita kutoka njiani.

"Shemeji, chuma chako siku hizi kinanibembeleza. Nusura nisinzie na kata mkononi."

Wenzake walicheka sana. Musembi hakuweza.

Alipoingia ndani alimwambia Kalunde kwamba ameamua kuzungumza na mwana wa Kinuthia. Aiweke ile ringi chini mpaka mvua ziishe. Kalunde alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka, ila mwiko ulisimama.

"Usimwambie hivyo, Baba Muthama," alisema. "Wewe ulikuwa unaniona nikiwa macho. Hukujua nilikuwa wapi. Nilikuwa mle shimoni, kila siku, nikimwambia Mwikali nipe mkono. Sasa nimetoka. Ukimzuia yule msichana nitarudi kule, na safari hii sitatoka."

Siku ile alilala tangu jua linazama, mkono mmoja chini ya shavu, midomo wazi kidogo. Musembi alikaa kitandani akimtazama mpaka taa ikaisha mafuta.

Hata hivyo alimwendea Wariara, lakini alimwendea na nusu ya maneno. Alimwambia kwamba masikio ya watu yanaweza kuchanganya ringi mbili. Wariara aliruka kutoka kitini. Alishukuru, akaomba radhi kwa kutolifikiria, na siku hiyo hiyo akawafundisha akina mama: polepole ni pumziko, harakaharaka ni mto. Akawauliza, wakamjibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Akapiga haraka, wakainuka wote. Akapiga polepole, wakalala.

"Mzee, watu wakielewa jambo hawadhuriki nalo," alimwambia Musembi wakifunga mlango wa kanisa, na uso wake uling'aa kwa imani hiyo hata Musembi akaona haya.

Nusu aliyoibakiza ilikuwa hii. Ng'ambo ya mto, mkabala na Kavumbu, kuna ukuta wa mawe. Sauti ya ringi huuendea, hurudi, hukutana na nyingine inayokwenda. Ukiwa juu unapiga haraka na unasikia unapiga haraka. Ukiwa chini mchangani, mapigo hupandana mgongoni mpaka yanakuwa mvumo mmoja mrefu usio na mwanzo. Musembi aliteka maji pale utotoni mwake mwote, alilijua hilo. Zamani halikuwa na maana, kwa kuwa mvumo au mapigo, mtu alikimbia.

Hakulisema. Kila alipotaka kulisema aliuona mkono ule chini ya shavu.

*

Ilikuwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa kumi na moja, saa tisa na kitu. Kwa Ndululu jua lilikuwa kali na anga nyeupe. Museve ilikuwa nyeusi tangu adhuhuri.

Chini mchangani walikuwepo wanawake sita. Musembi aliwajua kwa vitambaa vyao vya kichwa. Cha mkewe kilikuwa chekundu. Cha Nthenya hakukiona. Maana yake Nthenya alikuwa ndani ya kisima kile kirefu, na yule wa kitambaa chekundu pale juu alikuwa akipokea kata. Punda walisimama wakitikisa masikio.

Kwanza ndege waliruka kwenye kona ya juu, wote kwa mara moja. Halafu mchanga wa kule ukabadilika rangi, na mstari wa kahawia, mnene kama ukuta wa udongo, ukaizunguka kona bila haraka.

Musembi alipiga.

Vichwa viliinuka. Alipiga kwa nguvu zake zote, harakaharaka, akisubiri vile vitambaa vianze kutawanyika kuelekea ukingoni. Havikutawanyika. Cha manjano kilishuka taratibu, mwenyewe ameketi mchangani. Wa pili akaketi. Kitambaa chekundu kilisimama wima, na Musembi, hata kwa umbali ule, aliyaona mabega ya mkewe yakilegea. Aliyajua mabega hayo. Alikuwa ameyatazama kanisani yakijifunza kulegea, na kumshukuru Mungu.

Akazidisha. Kadiri alivyozidisha ndivyo chuma kilivyovuma, na mvumo ukaenda kwenye mawe ukarudi, mzito, mtamu, ukajaza bonde kama uji unavyojaa chungu. Alipiga kelele za mdomo pia. Upepo ulimrudishia kinywani. Akapiga hatua tatu za kuteremka, mguu ukamtupa chini. Alipoinuka, ukuta wa kahawia ulikuwa umefika kwenye miti ya mikuyu, nusu ya njia.

Hapo ndipo alipoikumbuka sauti ndogo ya Wariara. Kikinyamaza kabisa, hapo ndipo utafumbua macho.

Mkono wake ulikataa. Miaka sita ulikuwa na amri moja tu, na amri hiyo ilikuwa piga. Kuacha kupiga wakati mto unakuja ni kitu ambacho kingemfanya mtu wa Kwa Ndululu apigwe mawe. Musembi alitupa nondo majanini, akaikumbatia ringi kwa mikono miwili na kifua. Ilikuwa ya moto kwa jua. Ilimtetemesha meno, mbavu, ikatetemeka kama mnyama anayekufa, kisha ikatulia.

Kimya kilishuka bondeni.

Kitambaa chekundu kilisogea. Kalunde hakutazama ukingoni wala mlimani. Alitazama kule mto unakotokea. Musembi aliiona mikono yake ikiruka hewani na, kitambo kidogo baadaye, akaisikia sauti yake, nyembamba, ikimfikia kama uzi. Wa manjano aliinuka. Wanne walikimbia wakaacha mitungi na punda. Kalunde alikimbia nao. Alikimbia vizuri, akafika nusu ya mchanga, na Musembi, kifua kikiwa bado kimeng'ang'ania chuma, akaanza kusema asante.

Kalunde akasimama. Akageuka.

"Kalunde," Musembi alisema, si kwa nguvu, kama mtu anayemwita mkewe aliye chumba cha pili.

Alirudi kisimani akajitupa kifudifudi, mikono yote miwili ndani ya shimo. Musembi hakuweza kupiga, na hakuweza kunyamaza zaidi ya alivyonyamaza. Alimwona akivuta. Alimwona akiteleza mbele mpaka kiunoni. Maji yalipita chini ya Kavumbu yakinguruma, na ardhi ilitikisika katika nyayo zake. Kisha kitu cha kijani kilitokea kwenye mdomo wa kisima, kitambaa cha Nthenya, na wanawake wawili walishikana mkono wakikimbia, na maji yakawakamata vifundoni, magotini, kiunoni, na yule wa manjano akawa amelala ukingoni akirusha leso yake kama kamba.

Musembi alifumba macho. Alipofumbua, mchanga haukuwepo. Ukingoni palikuwa na vitambaa sita.

*

Ilimchukua muda mrefu kuteremka. Alipofika, watu walikuwa wamejaa, na Wariara alikuwa kati yao. Alikuwa ametoka kanisani mbio, na mkononi bado alikuwa na kile kirungu cha gunia alichokuwa akikitayarishia kipindi cha saa kumi. Alikuwa akilia bila kujificha.

"Mimi ndiye niliyewaambia wakae," alisema.

"Na mimi ndimi niliyeifunga kwa ngozi ikalia vizuri," Musembi alimjibu. Akamweleza habari ya mawe ya ng'ambo na jinsi mapigo yanavyopandana, habari ambayo angemweleza majuma matano nyuma. Wariara alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama.

Nthenya alikuwa amekaa kwenye tope, akitetemeka, mchanga mpaka kwenye nyusi. "Haya," alisema, "leo tumeoga kweli." Hakuna aliyecheka, wala yeye mwenyewe.

Kalunde alikuwa mbali kidogo, mikono imechubuka mpaka viwiko. Musembi aliketi kando yake. Walikaa hapo mpaka ule mto ulipoanza kupunguza sauti. Ndipo Kalunde akasema, akitazama maji:

"Kilipokuwa kinalia sikutaka kitu kingine chochote. Kilikuwa kitamu, Baba Muthama. Kama ungeendelea kupiga, ningekaa."

Naibu wa chifu alikuja kesho yake akafanya kikao kifupi. Akaagiza ringi ya kanisa ishushwe, na kuanzia siku hiyo watu wakisikia chuma wakimbie kama zamani. Watu waliitikia. Wariara aliuliza kwa upole kama sikio hupokea amri, naibu akapanda baiskeli yake akaondoka.

Jioni ile Kalunde alikuwa amelala kwenye mkeka nje ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye mgunga. Alilala fofofo, mkono chini ya shavu. Musembi alimtazama sana. Kisha akaokota nondo, akaigusa ringi kidogo, kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua. Kalunde hakushtuka. Alitabasamu, akazama zaidi. Akagusa tena, na tena. Halafu akaweka kiganja juu ya chuma, kikanyamaza.

Kalunde alifumbua macho pale pale, akatazama mtoni.

Musembi alielewa. Alimtuma mtu kumwita Wariara, wakazungumza watatu, wakaona hakuna njia nyingine kwa mvua hizi. Mtu akiwa mchangani, chuma kitalia. Kitalia polepole, asubuhi mpaka jioni, watu wateke maji kwa amani. Siku mto unapokuja, kitanyamaza. Wariara alisema watapokezana, yeye na Musembi na yeyote atakayekubali kufundishwa. Alisema ameshapata watu wanne, na kwamba kijiji kinachopokezana zamu hakiwezi kuangamia. Alilisema kwa ule uso wake unaong'aa. Musembi alimpenda kwa ajili hiyo.

Lakini zamu ya kwanza ilikuwa yake. Asubuhi vitambaa vilishuka mchangani kimoja kimoja, chekundu kikiwa cha pili. Museve ilikuwa nyeusi. Musembi aliinua nondo akapiga, akahesabu pumzi tatu, akapiga. Chini kule mabega yalilegea. Kabla ya saa nne bega lake mwenyewe lilikuwa linawaka moto, na inzi alimtua kwenye jicho. Hakuthubutu kumfukuza. Akapiga, akahesabu, akapiga, akiogopa kuchoka.